Mwenye Baiskeli Apange Wapi Tunduma?

Tulipokuwa watoto wa chuo, maalimu wetu alikuwa na maneno ya Kiarabu aliyoyapenda mno, ambayo maana yake kwa lugha yetu ni haya: jirani kabla ya nyumba, mwenza kabla ya njia. Tuliyahifadhi kama tulivyohifadhi mengi mengine, kwa sauti kubwa na bila ya kuyafikiri. Ilibidi tufike Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, ndipo tutambue kwamba lipo jambo moja ambalo maalimu hakuligusa. Njia yenyewe je? Nani huitazama njia kabla ya kutoa kodi ya nyumba?

Tulikwenda huko kwa shughuli za Chama, na kwa kuwa mgeni hakosi mwenyeji, tulimkuta kijana wa kwetu Unguja, mtoto wa ndugu yetu, ambaye miezi miwili kabla yake alikuwa amehamishiwa mpakani na taasisi mojawapo ya Muungano. Wazee wa visiwani wanaosoma safu hii wanalijua jambo hili. Uhamiaji ni jambo la Muungano, na ushuru wa forodha vivyo hivyo, na mtoto aliyezaliwa Fuoni au Wete huenda akaamka siku moja akaambiwa kuwa kituo chake ni Namanga, au Kasumulu, au Tunduma. Hufungasha, huaga, hupanda boti. Mama hulia kidogo gatini, kisha maisha yakaendelea.

Kijana huyu alikuwa bado analala nyumba ya wageni huku akitafuta vyumba viwili vya kupanga. Alitupokea kwa adabu, akatwambia: "Shikamoo ami. Mimi sina haja ya nyumba ya fahari. Nataka pahala ambapo nitaweza kupanda baiskeli kwenda kazini na kurudi, kama nilivyozoea nyumbani." Akatupigia hesabu yake. Bodaboda alikuwa akilipa shilingi 2,000 asubuhi na 2,000 jioni. Kwa siku 26 za kazi hizo ni shilingi 104,000 kila mwezi, na mshahara wenyewe ni wa mwajiriwa mpya, tena ana wadogo wawili skuli.

Tulicheka, na tunakiri kwamba hatukumfikiria sawasawa. Tulimjibu upesi, kwa ile kasi ya watu waliozoea kujibu: "Nenda Mpemba." Sababu zetu zilikuwa mbili. Ya kwanza, tuliambiwa kuwa huko kodi ni nafuu kuliko mjini. Ya pili, ambayo si sababu bali ni mzaha, ni hilo jina. Mpemba ni kata iliyo katika barabara ya kutoka Mbeya, kabla ya kuingia Tunduma mjini, na hapo ndipo inapochepuka barabara ya lami ya kwenda Isongole wilayani Ileje. Hapana mtu wa visiwani apitaye hapo akasoma kibao bila ya kutabasamu. Nani asiyependa kusema kwamba amekwenda mwisho wa nchi akamkuta Mpemba amekwisha kufika?

Ndugu msomaji, kabla hatujaeleza yaliyotupata, inafaa tuueleze mji wenyewe. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kuumega Mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu ni Vwawa. Tunduma ndio mji wake mkubwa, uliogusana na Nakonde ya Zambia kiasi ambacho mgeni hukosa kujua ameishia wapi mmoja na umeanzia wapi wa pili. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta Tunduma watu zaidi ya 97,000. Sensa ya mwaka 2022 ikakuta zaidi ya 219,000. Mji umezidi mara mbili katika miaka 10. Ni nyanda za juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mtu wa pwani hulihisi hilo kifuani na masikioni, kwani mwezi wa Juni na wa Julai baridi ya asubuhi huko si ya shuka moja.

Mji wote huu umejishika kwenye uzi mmoja, nao ni barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa ndugu zetu wa China na kukabidhiwa mwaka 1976, inapita hapo pia, na bomba la mafuta la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968, nalo linapita katika mkoa huu. Lakini mzigo mwingi wa leo wa Zambia na wa Kongo haupandi reli, unapanda malori. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa tarehe 5 Oktoba 2019 na marais wa nchi mbili, Hayati Dk. John Magufuli na Hayati Edgar Lungu, ili gari ikaguliwe mara moja badala ya mbili. Ni kazi nzuri. Hata hivyo zipo siku ambapo foleni ya malori huenea kilomita kadhaa, na mji huwa kama chumba ambacho kitanda kimekaa mlangoni.

Basi asubuhi ya pili tuliazima baiskeli mbili, moja Phoenix ya zamani yenye keria ya chuma, nyingine ya kisasa yenye gia ambazo hazikubadilika, tukaenda Mpemba kwa gari ndogo, baiskeli zikiwa zimefungwa juu. Shabaha yetu ilikuwa kurudi mjini kwa miguu yetu wenyewe, saa ile ile ambayo kijana angekuwa anakwenda kazini. Hatukuwa tumepanda baiskeli kwa miaka mingi. Mtumishi wa Chama wa zama hizi hupelekwa kwa gari, tena gari refu lenye vioo vya kupandisha, na kutoka ndani yake barabara zote ni nzuri.

Njia ilipokuwa tupu, safari ilikuwa ya raha. Upepo ulikuwa mbele lakini si mkali, na vilima vyake si vya kumshusha mtu. Tulikuta mkia wa foleni, na hapo mambo yakageuka. Malori yamesimama upande wa kushoto, mamoja nyuma ya jingine, na magari yanayotaka kupita yanachukua upande wa kulia, yakikutana uso kwa uso na yale yatokayo mpakani. Mwenye baiskeli hubakiwa na nini? Hubakiwa na utepe wa vumbi na mafuta baina ya magurudumu ya malori na mtaro. Ukingo wa lami umelika, umekaa kama ngazi. Tairi la mbele likiteleza pale, halipandi tena. Utingo hufungua mlango bila ya kutazama chini. Zaidi ya yote, dereva wa lori amekaa juu na upande wa kulia, na kilicho chini yake upande wa kushoto hakioni. Foleni ikisogea, lori hujivuta kushoto kidogo ili kujinyoosha, na aliyekuwa na nafasi ya nusu mita hana tena.

Mbele yetu alikuwapo mtoto wa skuli mwenye umri kama wa miaka 12, amempakia mdogo wake kwenye keria. Lori likasogea. Mtoto hakupiga kelele wala hakusimama. Aliiacha baiskeli iangukie mtaroni, akamvuta mdogo wake kwa mkono, kwa wepesi ambao mtu hawi nao ila kwa mazoea. Dereva hakujua kitu, na hatuwezi kumlaumu. Tulishuka tukamsaidia kuokota madaftari na kurudisha cheni iliyotoka. Akatuamkia, "Shikamooni," na tulipomuuliza kama ameumia, akasema hapana, akatazama jua, akasema watachelewa mstari. Kijana wetu akamuuliza kama jambo hili hutokea mara kwa mara. "Foleni ikiwepo," alijibu, kisha akapanda.

Tuliukokota mwendo uliobaki kwa miguu, baiskeli mkononi. Hatukuzungumza sana.

Jioni tulikaa tukaanza upya, na safari hii tulianza na njia. Kanuni tuliyoifikia ni nyepesi, na tunaiandika kwa ajili ya kila atakayehamishiwa pale, au mji wowote wa namna ile: usiulize nyumba iko umbali gani, uliza kama waweza kufika kazini bila ya kuigusa barabara kuu. Mpanda baiskeli wa kawaida, asiye na haraka, huenda kilomita 12 kwa saa. Kwa hiyo kilomita 5 ni dakika 25, na mtu mwenye afya aweza kwenda hizo kila siku pasipo kuchoka. Hata hivyo, kilomita 5 za njia za ndani ni karibu kuliko kilomita 2 za pembeni ya foleni. Ramani haisemi hivyo. Mama wa mtoto yule angesema hivyo.

Jambo la pili ni upande. Barabara kuu huugawa mji kama mto. Ukiishi ng'ambo moja na ukafanya kazi ng'ambo ya pili, utauvuka mto huo mara mbili kwa siku, na mara moja kati ya hizo aghalabu ni jioni, wakati macho ya madereva yamechoka. Jambo la tatu ni maji, nayo si maji ya kunywa. Mvua za huko huanza kwenye Novemba na kuendelea hadi Aprili, na udongo mwekundu ukilowa hushika tairi na kujaza baina ya gurudumu na breki mpaka baiskeli igome. Anayekagua nyumba wakati wa kiangazi aangalie mitaro ya mtaa, awaulize wenyeji gari ya takataka hufika wapi mwezi wa Februari. Pale inapofika gari hiyo, baiskeli nayo itafika.

La nne tulifundishwa na fundi baiskeli mmoja, mzee wa Kinyiha, aliyekuwa akiziba pancha chini ya mti. Alisema mtu asiyependa vilima ajenge karibu na reli. Tulidhani anatania, kumbe ni hesabu tupu: treni haiwezi kupanda mteremko mkali, basi waliopima reli waliitafuta ardhi iliyo laini, na palipo na reli vilima vyake vimekwisha kuchaguliwa na mtu mwenye vyombo. Bila shaka hatumshauri mtu kupanda baiskeli juu ya njia ya reli. Ni hatari, na ni eneo la wenyewe. Tunasema tu kwamba vijia vya jirani yake havimtoi mtu jasho.

Kwa siku mbili tulizunguka mitaa ya Sogea, Majengo, Kaloleni na mingine, tukiuliza vyumba na tukipanda vijia. Kata ya Maporomoko tuliiacha kwa woga wa jina lake tu, na huenda tumeidhulumu. Baadhi ya vichochoro vilikuwa vizuri ajabu, vimetulia, watoto wanacheza, wachuuzi wa mchele na maharage wanapita na magunia kwenye keria. Vingine vilianza vizuri, kisha vikaishia kwenye ukuta wa nyumba mpya. Mtu amejenga, tena kihalali, kwa kuwa mpimaji hakuweka njia pale. Kijia kilichotumiwa na vizazi viwili hakikuwamo katika ramani, na kisichokuwamo katika ramani hakina wa kukitetea. Kwa ukuta mmoja wa matofali, mtaa mzima umesukumwa kwenda kutokea barabara kuu.

Hapa ndipo tunapotaka kusema na wakubwa wetu, kwani safu hii wanaisoma, na wengine hutupigia simu kutulaumu, jambo linalothibitisha kuwa wanaisoma.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu kufikia mita 30 kila upande kutoka katikati. Wananchi wamewekewa alama nyekundu, wengine wamebomoa wenyewe, wengine wamelia. Haya, ardhi ipo. Njia ya baiskeli yenye upana wa mita 2, iliyotengwa na lami kwa ukingo wa zege au kwa mtaro, haihitaji kuivunja nyumba nyingine. Barabara ya kutoka Igawa kupitia Mbeya hadi Tunduma imo katika mpango wa kupanuliwa kuwa ya njia nne, na kazi ilianzia upande wa Mbeya. Upanuzi utakapofika Tunduma, njia nne za magari zitakuwa mto mpana zaidi wa kuvuka. Tukiwa watumishi wa Chama tunaunga mkono upanuzi huo; nani asiyejua jinsi mteremko wa Senjele ulivyoziliza familia za watu? Tunaomba tu kwamba karatasi ya mchoro, kabla haijapigwa mhuri, atafutwe yule mtoto wa miaka 12 na mdogo wake, waonekane wamepita wapi. Njia yao ikichorwa sasa haina gharama kubwa. Ikiachwa, itakuja kutafutwa baada ya miaka 20 kwa fidia, kesi na matingatinga.

TANROADS wana barabara kuu, TARURA tangu mwaka 2017 wana zile za ndani, halmashauri ina viwanja. Kijia cha kupita baiskeli ni cha nani? Tuliuliza swali hilo katika ofisi zaidi ya moja, tukapewa chai.

Tusidhani kuwa jambo hili ni la mji mmoja, wala kuwa wenzetu walizaliwa nalo. Uholanzi, nchi ambayo leo kila mtu huitaja kwa baiskeli, mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa ikiwazika watoto wengi waliogongwa na magari, na ni wazazi walioandamana, na uhaba wa mafuta wa mwaka 1973 ukawasaidia kusikilizwa. Karibu na jiji la Utrecht upo mji wa Houten, uliopanuliwa kuanzia mwishoni mwa miaka hiyo kwa mchoro mwepesi kabisa: gari likitaka kutoka mtaa huu kwenda wa pili huzunguka kwa barabara ya nje ya mji, na baiskeli hukata katikati moja kwa moja. Mwenye haraka huchagua baiskeli bila ya kuhubiriwa.

Na kwetu Afrika Mashariki, hilo neno bodaboda lilizaliwa wapi? Lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, mji wa malori kama Tunduma, na lilizaliwa juu ya baiskeli, si juu ya pikipiki. Vijana walimpakia abiria kwenye keria wakamvusha kutoka mpaka mmoja kwenda wa pili. Hapa Tanzania tuliwahi kuwa na kiwanda chetu cha baiskeli, na wazee wanazikumbuka Swala. Wanazikumbuka vilevile Jumapili ambapo magari ya binafsi yalikatazwa kutembea baada ya saa nane mchana, kwa sababu ya mafuta. Dar es Salaam ilipojenga njia za mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016, iliweka kando yake njia za baiskeli. Tumeziona. Pikipiki zimeziingilia, na wachuuzi wamepanga bidhaa, lakini zipo, na ni rahisi kumwondoa mchuuzi kuliko kuiondoa nyumba.

Tuseme na la nyumbani pia, maana mtu hafagii uwanja wa jirani akauacha wake. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta Zanzibar ina watu 1,889,773, na karibu nusu yao wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Mji umekwenda Fuoni, Kisauni, Tomondo, na bado unakwenda. Kijana wetu alipanda baiskeli kutoka Fuoni hadi mjini tangu yuko skuli, na alikuwa akipita baina ya minazi kwa njia ambazo leo, mwenyewe anasema, hazipo. Unguja haina vilima vya Mbozi wala foleni ya malori ya Kongo. Ardhi imelala, bahari inatoa upepo, na masafa ni mafupi. Laiti tungekuwa na kisingizio! Viwanja vinapimwa kila mwezi. Atazamwe mpimaji ameacha nini baina ya kiwanja na kiwanja.

Kijana alipata vyumba vyake siku tuliyokuwa tunaondoka. Mtaa hatuutaji, kwa sababu mtu afanyaye kazi mpakani ana wageni wa kutosha. Kodi yake ni ghali kuliko ya Mpemba, lakini akiondoa zile 104,000 za bodaboda bado anabakiwa. Ni upande ule ule wa kazini kwake, kama kilomita 3 kwa vijia, na barabara kuu anaiona kwa mbali tu. Nyumba ya pili anakaa mwalimu wa skuli ya msingi ambaye naye hupanda baiskeli, na asubuhi huondoka pamoja hadi kwenye mwembe, wakaachana hapo. Maalimu angefurahi.

Baiskeli yake mwenyewe aliiagizia nyumbani. Ilivuka kwa boti hadi Dar es Salaam, kisha ikalala siku nzima ndani ya buti ya basi, ikafika usukani umepinda na taa ya mbele imevunjika. Mzee wa chini ya mti ameunyoosha usukani. Taa bado inatafutwa.